Orodha ya vifaa vya dharura nyumbani hailingani na kilichomo kwenye ndoo, tunafuatiliaje?

Bondeni_Kigogo

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaojua kutunza vifaa vya dharura nyumbani. Nyumba iko Kigogo, upande wa Bonde la Msimbazi. Tupo sita: watu wazima wawili, watoto watatu na bibi anayemeza dawa za presha kila siku. Tuna ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko, madumu ya maji, begi la nyaraka, tochi tatu, pawabenki mbili, redio ndogo, mtungi wa gesi wa kilo 15 na kizima moto cha unga cha kilo 2. Orodha iko kwenye daftari, lakini kila tukifungua ndoo, betri hazipo, kiberiti hakipo, dawa za maumivu zimepitwa na muda, na vidonge vya kutibu maji haijulikani ni vya mwaka gani.

Je, nihamishie orodha kwenye simu, au kosa liko kwenye mpangilio? Na ukaguzi ufanyike kila baada ya muda gani?

Mtunza_Stoo

Mkuu, daftari halina kosa. Orodha yako inaonyesha kilichoingia siku ile, haionyeshi kilichotoka. Vifaa vya dharura vya nyumbani hupotea zaidi kwa kuazimwa kuliko kwa kuharibika. Umeme ukikatika mtu anafungua ndoo kuchukua betri, mkaa ukikataa kuwaka mwingine anachukua kiberiti, na hakuna anayerudi kuandika.

Anza kwa kuondoa sababu ya kuifungua. Weka kopo dogo karibu na mlango, ndani yake tochi moja, betri nne na kiberiti. Hilo ni la kila siku, litumike, lijazwe kila wiki. Ndoo ni ya dharura tu, na iwekewe lakiri. Si lazima kununua kitu: bandika seloteji ya karatasi yenye upana wa vidole vitatu, nusu juu ya mfuniko na nusu ubavuni mwa ndoo, pande mbili zinazotazamana. Andika tarehe na saini kwa kalamu ya maka, herufi zivuke kutoka mfuniko hadi kwenye ndoo. Mtu akifungua, seloteji itachanika au herufi hazitakutana tena. Seloteji ikiwa nzima, huna haja ya kuhesabu kilichomo, unasoma tarehe tu. Imechanika? Ndoo yote inahesabiwa upya siku hiyo hiyo.

Orodha ziwe mbili: moja ndani ya mfuko wa nailoni juu ya mfuniko, nyingine kwenye daftari. Kwenye mfuniko andika pia tarehe ya kitu kitakachowahi kuharibika kuliko vyote. Hiyo tarehe moja ndiyo inakuambia lini ndoo lazima ifunguliwe.

Fundi_Volti

Nakubaliana na Mtunza Stoo, ila pawabenki zisiingie kwenye ndoo yenye lakiri. Betri za lithiamu hupungua chaji zenyewe zikikaa, na zikiachwa tupu kwa miezi zinakufa kabisa. Zichaji kila baada ya miezi mitatu, zihifadhi zikiwa kati ya nusu na robo tatu, mahali pasipo joto. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitoa tahadhari ya mvua kubwa, ndipo unazijaza zote mbili. Iliyovimba itolewe ndani ya nyumba, isichajiwe tena.

Betri za kawaida za tochi na redio zitolewe kwenye kifaa. Zikiachwa ndani zinavuja na kula bati la kugusanisha, tochi inakufa hata ukiweka betri mpya. Ukikuta unga mweupe kwenye springi, chovya pamba kwenye siki au ndimu, sugua, kausha, usiguse kwa mkono mtupu. Funga betri kwa mpira, nne nne, na uandike kwenye karatasi ni za kifaa kipi. Usichanganye mpya na zilizotumika, ile dhaifu ndiyo itakayovuja.

Kwenye daftari, vifaa vya umeme viwe na safu ya "kilijaribiwa lini". Kuandika "tochi 3" hakutoshi. Tochi isiyowashwa mwaka mzima ihesabu kama haipo.

Duka_la_Dawa

Kuhusu vidonge vya maji: tatizo lako linatokana na kukata karatasi ya vidonge. Tarehe hugongwa upande mmoja, mtu akianzia kukata upande huo, tarehe inaondoka na kidonge cha kwanza. Na boksi likitupwa, kipimo nacho kimepotea, maana vipo vya ukubwa tofauti. Kile cha miligramu 67 ni kimoja kwa lita 20 za maji yanayoonekana safi, kisha unasubiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, la sivyo uchafu unamaliza nguvu ya klorini kabla haijaua vijidudu. Visivyo na tarehe vitoe, usivikadirie umri.

Dawa za bibi zisiwekwe kwenye ndoo kama akiba iliyolala. Fanya mzunguko: begini iwepo akiba ya siku 14. Akichukua dawa mpya, mpya inaingia begini na iliyokuwa begini inatoka kwenda kutumika. Hivyo haitapitwa na muda, na huhitaji kuifuatilia kwa tarehe. Ikiwa daktari amebadilisha dozi, ya zamani itoke begini siku hiyo hiyo.

Paketi ikiandikwa 06/2026, maana yake ni hadi mwisho wa mwezi wa sita. Dawa nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, kwa hiyo juu ya kabati la jikoni au chini ya bati la paa hapafai, hata kama tarehe bado. Weka pia paketi za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini mtu akiharisha), kila moja kwa lita moja ya maji, ikishachanganywa imalizwe ndani ya saa 24.

Jedwali_Safi

Simu inafaa kwa jambo moja: kukumbusha. Ukitumia Excel au Google Sheets, weka safu hizi: kitu, kinachotakiwa, kilichopo, mahali, mwisho wa matumizi, kilikaguliwa lini. "Kinachotakiwa" na "kilichopo" visichanganywe, pengo kati yake ndiyo orodha yako ya sokoni. Makopo matano ya samaki yenye tarehe mbili tofauti ni mistari miwili, si mmoja. Tarehe iandike ukianza na mwaka, 2026-06-30, hata kwenye daftari, ili usichanganye siku na mwezi.

Kama tarehe ya mwisho wa matumizi iko safu ya E, kanuni ya kugeuza rangi (Conditional formatting) kuwa nyekundu zikibaki chini ya siku 60 ni hii: =AND($E2<>"",$E2-TODAY()<60). Ile sehemu ya kwanza usiiache, bila hiyo kila kisanduku kitupu kitakuwa chekundu na utazoea kuipuuza rangi. Nakala ya karatasi ibaki, simu inaweza kuzimika usiku unaoihitaji.

Bondeni_Kigogo

Asanteni sana. Maji je? Na gesi na kizima moto, ambavyo haviingii kwenye ndoo?

Mtunza_Stoo

Maji ya kunywa na kupikia, kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu 6 kwa siku 3 ni lita 72, kwa hiyo madumu manne ya lita 20. Lakini dumu moja likijaa ni kilo 20, hakuna atakayekimbia nalo. Lita 10 kati ya hizo zigawe kwenye chupa ndogo. Madumu yawe yaliyokuwa na mafuta ya kula au maji, kamwe si ya kemikali, na yasikae karibu na petroli au dawa ya wadudu kwa sababu mvuke hupenya plastiki. Weka kivulini, andika tarehe begani mwa dumu, badilisha kila miezi sita. Ya zamani fulia.

Chakula kiwe cha kuliwa bila moto: tende, karanga, biskuti, samaki wa kopo na kifungulio chake. Dona usiweke, mafuta ya kiini cha mahindi huchacha upesi.

Kizima moto: mshale uwe kwenye kijani, pini ipo, lakiri ipo. Kila mwezi kipindue kichwa chini na kukitikisa, unga hushuka na kugandamana. Fundi akikague kila mwaka. Gesi ipime kwa mizani ya kuning'iniza. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, toa huo, kinachobaki ni gesi. Mpira wa gesi ukague kwa povu la sabuni, usitumie kiberiti.

Fundi_Volti

Ukaguzi mkubwa fanya mara mbili: wiki ya mwisho ya Februari kabla ya masika, na wiki ya mwisho ya Agosti kabla ya vuli. Maji yanayotimiza miezi sita na tochi vyote vinaangukia humo. Pawabenki uziongezee Novemba na Mei.

Duka_la_Dawa

Moja zaidi kwa nyumba za bondeni. Maji ya mafuriko yakifika kwenye ndoo, kila kilicho ndani ya karatasi, nailoni au chupa ya kifuniko cha kuzungusha kitupwe, dawa pia. Makopo ya bati yasiyobonyea wala kutoboka yaoshwe kwa sabuni, yatumbukizwe kwenye maji yenye klorini, kisha yaandikwe upya majina na tarehe kwa maka, maana karatasi zake zitabanduka. Ndiyo sababu ni vizuri kuandika tarehe kwenye bati lenyewe siku ya kununua.

Bondeni_Kigogo

Nimeelewa. Jumamosi namwaga ndoo zote mbili sakafuni, natenga kopo la mlangoni, halafu naziba kwa seloteji. Saini nitaweka mimi na mtoto mkubwa, ili mmoja akisafiri mwingine ajue kukagua.