Ushauri: hema la kifahari upande wa Kisesa au gesti ya kawaida?

Ndugu zangu, habari za jioni. Mwezi Juni tunatarajia kumpeleka baba mkwe Kisesa, karibu na Mwanza, mzee ambaye miguu yake bado ina nguvu, ili aone makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, azunguke sokoni na atembee kwenye majabali asubuhi kabla jua halijawa kali. Tumepata kambi upande wa ziwani yenye mahema makubwa, kila moja na kitanda, umeme na bafu lake, ila bei ya usiku mmoja ingetulaza gesti karibu wiki nzima. Je, hema litamfaa mzee, na niulize nini kabla sijalipa?

Mpiga Kasia: Mkuu, mfikishie mzee shikamoo yangu. Uliza kwanza hema limesimikwa wapi. Majabali ya huku hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo hema lililobanwa kati ya mawe hupendeza pichani lakini humnyima mtu usingizi. Chagua lenye paa la pili juu ya turubai na mlango unaotazama ziwa, kwa kuwa mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu.

Mama wa Buswelu: Mimi ningeuliza maji ya bafu. Yakivutwa ziwani moja kwa moja, kichocho hakiko mbali. Yakitulia siku mbili kwenye tangi lisilo na konokono, hatari hupungua sana. Taa ya barazani nayo izimwe mapema, maana wale wadudu wanaopaa ziwani kama moshi wakiifuata, asubuhi mtawazoa kwa ufagio.

Mtani wa Magu: Juni ni chaguo zuri, kwani masika yamekwisha, na Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, hufanyika Bujora karibu na sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu, wachezaji wa vyama viwili vya ngoma, wakishindana kuvuta watazamaji kwa ngoma zao. Msiharakishe makumbusho yenyewe, kazi ya Padri David Clement kutoka Kanada. Banda la ngoma za watemi, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, peke yake lamtosha mzee asubuhi nzima. Soko linaweza kusubiri.

Mwenye uzi: Nawashukuru. Nimewapigia simu: maji ni ya tangi, lakini hema lililobaki siku za Bulabo liko katikati ya mawe. Tutalala gesti siku hizo, kisha tuhamie kambini hema la mbele, linalotazama ziwa, litakapokuwa wazi.