Mrejesho: diski za flashi katika klasta yetu ya Kubernetes, Lubumbashi

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini klasta yetu (kundi la seva zinazoendeshwa pamoja na mfumo wa Kubernetes) ilibadilisha kila mara kiongozi wa etcd, hifadhi ya kumbukumbu za klasta, ingawa diski zote ni za flashi. Mlinishauri nitumie programu ya majaribio fio kupima muda wa fdatasync (amri ya kuhakikisha data imeandikwa kweli kwenye diski) badala ya kasi ya kusoma, nanyi mlisema kweli: diski za kawaida zilivuka milisekunde 10 zinazopendekezwa kwa asilimia 99 ya uandishi wa data, ilhali zile za seva, zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika (na umeme wetu mnaujua), zilibaki chini sana. Kisha, tulipozima nodi (seva) moja ya klasta makusudi, podi (programu kama Kubernetes inavyoiendesha) ya hifadhidata haikuhamia kwingine hadi tulipoiwekea nodi hiyo alama ya kuwa nje ya huduma, inayopatikana rasmi tangu toleo 1.28 la Kubernetes. Nawashukuru sana, diski za etcd tumeshazibadilisha.