McDavid na Draisaitl, ukilazimishwa kuuza mmoja unamuuza nani?

Kijana wa Kirumba
Mwangaluka wakuu. Wapenzi wa hoki ya barafu hapa Mwanza tunahesabika kwa vidole ila nyie mnaoamka saa tisa usiku kucheki Edmonton Oilers, timu ya hawa wawili, mtanielewa. Nimebishana na shemeji tangu jana, yeye anasema Draisaitl ndo wa thamani pale maana timu yenyewe imempa dola milioni 14 kwa mwaka, miaka 8, na McDavid kasaini miwili tu kwa milioni 12.5 kwa mwaka. Mi namwambia huo sio ushahidi, NHL, ligi yao ya Marekani na Kanada, kuna kikomo cha mishahara kwa timu nzima, McDavid kakubali kubaki na mshahara uleule wa zamani, sasa hela inayobaki si ndo ya kusajili wengine? Tumewekeana sato wa kuchoma. Semeni.

Nyavu Kavu
Draisaitl siuzi hata unipe Capri Point yote. Pleiofu (mechi za mtoano) za 2022 aliumia kifundo cha mguu mechi za Los Angeles, akaenda kucheza na Calgary anachechemea, kugeuka tu ilikuwa shida, akatoka na pointi 17 (goli na pasi za goli) ndani ya mechi 5. Mguu mmoja huo! Na mwaka 2020 alibeba tuzo ya Hart, ile ya mchezaji bora wa ligi, kwa pointi 110 mechi 71, korona ikakata msimu, na sehemu kubwa hapo alikuwa anaongoza laini yake (kikosi chake cha washambuliaji watatu), sio kubebwa na McDavid kama watu wanavyosema. 2024/25 mfungaji bora wa ligi, goli 52, halafu kwenye pleiofu akafunga manne ya dakika za nyongeza, rekodi.

Mzee wa Mwaloni
Wanangu mimi nimekulia kwenye dagaa. Usiku wa giza mnatia taa juu ya maji mnakaa kimya, dagaa wanajaa chini ya mwanga, ndo wavu unazungushwa. McDavid ni ile taa. Akishika paki (kile kidude wanachopiga) na ile spidi mabeki wote macho kwake, Draisaitl kabaki kulia karibu na mstari wa goli hana mtu, kanafasi kembamba ila anapenyeza. Msimu wa 2022/23 pawa plei yao (mpinzani akiwa na mtu nje kwa adhabu) ilizaa goli kwa asilimia 32.4, hakuna timu NHL imewahi kufika hapo. Ila wavu naweza kuazima kwa jirani. Taa ikizima tunarudi mtumbwi mtupu.

Nyavu Kavu
Mzee, wavu wa kuazima una matundu.

Igoma Mwisho
@Nyavu Kavu una matundu wapi? Hyman, mshambuliaji wao, huyo hapo. Toronto hakuwahi kuvuka goli 21, kaja kukaa pembeni ya McDavid, 2023/24 kapiga 54. Wavu wa kuazima ndo huo. Alafu 2022/23 McDavid ana pointi 153, Draisaitl 128, hiyo 128 kwa timu nyingine yoyote wangemjengea sanamu ila hapo nyumbani ni wa pili. 2024 McDavid kapewa Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa pleiofu, wakati timu yake imefungwa fainali, kabla yake mchezaji wa mwisho asiye kipa kupata hivyo alikuwa Reggie Leach 1976.

Nyavu Kavu
Na fainali hiyohiyo mechi ya 6 na ya 7 alipata pointi ngapi? Sifuri. Florida walimfungia mlango.

Kijana wa Kirumba
Hapo umenibana mkuu, sikatai, ila Draisaitl naye fainali ile hakufunga hata goli moja na hakuna anayemkumbusha. Ya Hyman sikuwa nayo kichwani, jioni naenda nayo. Mzee hoja ya taa nayo naiba. Shemeji ni mtu wa Ukerewe, kwenye mambo ya dagaa habishi.

Mzee wa Mwaloni
Iba tu. Ila sato awe wa kilo, na mkia ni wangu.