Majani ya mwarobaini kwa mgonjwa wa kisukari: ushahidi na usalama wake ukoje?

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada wa mwenye ujuzi. Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili na anameza vidonge alivyoandikiwa na daktari. Tangu mwezi uliopita anachemsha majani ya mwarobaini na kunywa kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni, na sukari yake imeshuka kiasi kwamba ameanza kusema vidonge havina kazi tena. Mimi siyadharau majani hayo, kwa maana mti haukupewa jina la maradhi arobaini bila watu kuona jambo fulani. Ila nimeshindwa kupata maelezo yanayotenganisha kilichothibitishwa kwa binadamu na kinachosemwa tu. Lipo pia jambo linalonitia hofu zaidi. Mdogo wangu wa kike, anayeishi na mama, ni mjamzito na ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, naye ameshauriwa kumpa mtoto huyo matone ya mafuta ya mwarobaini kwa ajili ya kikohozi. Je, ni salama?

Jibu la kwanza

Ninaanza na mtoto, kwa sababu hilo halingoji. Asinyweshwe mafuta hayo hata tone moja. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kama tiba ya maradhi madogo ya kawaida. Katika visa vya namna hiyo mtoto huanza kutapika ndani ya saa chache, hulegea kwa usingizi, hupumua haraka haraka na kupata degedege, huku asidi ikizidi katika damu na ubongo ukiathirika. Wengi hupona wakitibiwa hospitali, lakini vifo vimetokea. Kama ameshapewa na mnaona dalili yoyote kati ya hizo, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Mdogo wako naye asinywe mafuta wala dawa yoyote ya mwarobaini wakati huu wa ujauzito. Dondoo za mbegu zake, yaani viini vilivyotolewa ndani ya mbegu, ziliwahi kuchunguzwa kama njia ya kuzuia uzazi, na kwa panya na nyani zilikatisha mimba changa. Sisemi kwamba kikombe cha majani hufanya hivyohivyo kwa mwanamke, kwa sababu mbegu na majani havina viini vilevile kwa kiasi kilekile. Nasema kwamba hakuna faida ya kikohozi inayostahili kuwekwa kwenye mizani na hatari ya namna hiyo.

Jibu la pili

Nami niseme juu ya ushahidi. Tafiti nyingi za mwarobaini zimefanyika kwenye vyombo vya maabara na kwa wanyama, na huko mti huu umeonyesha mambo mengi ya kuvutia: kiini kiitwacho geduni huua vimelea vya malaria kwenye chombo cha maabara, na azadiraktini, ambayo imo zaidi katika mbegu, huwafanya wadudu waache kula na kushindwa kujivua gamba. (Molekuli hiyo ina umbo gumu mno, wanakemia wa Cambridge walihitaji miaka 22 kuiunda kwa mikono yao, wakafanikiwa mwaka 2007.) Lakini kiini kuua kimelea kwenye chombo si sawa na mgonjwa kupona, kwa kuwa kinapaswa kwanza kufyonzwa tumboni, kipite kwenye ini bila kuvunjwavunjwa, na kifike katika damu kwa kiwango kinachotosha bila kumdhuru mwenye mwili.

Kwa kisukari upo ushahidi kidogo wa binadamu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 nchini India lilihusisha wagonjwa 80 waliokuwa tayari wanatumia metformini, kidonge cha kawaida cha kisukari. Wengine walipewa dondoo ya majani na vitawi vya mwarobaini, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 12, na sukari ya waliopewa dondoo ilishuka zaidi. Mama yako anapaswa kuelezwa mambo mawili hapo. Wagonjwa hao hawakuacha metformini, na dondoo ile ilikuwa imepimwa viini vyake, ilhali majani ya kuchemsha hubadilika nguvu kulingana na mti, msimu, wingi wa majani na muda wa kukaa motoni. Watu 80 kwa wiki 12 ni mwanzo mzuri wa uchunguzi, si ruhusa ya kutupa vidonge.

Tena, hakikisheni mti wenyewe. Mmelia hufanana sana na mwarobaini, na matunda yake ni sumu kwa binadamu. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani vilivyopangwa pande mbili. La mmelia hugawanyika katika vikonyo vidogo ambavyo ndivyo hubeba vijani.

Jibu la tatu

Mimi ni mfamasia, na ninauliza: mama anatumia vidonge gani? Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi au insulini ni habari nyingine, kwa sababu zenyewe zinaweza kuishusha hadi mgonjwa akatetemeka, akatoka jasho jingi, akachanganyikiwa au akazimia, na chochote kinachoongeza nguvu hiyo kinaongeza hatari. Je, kuna jambo jingine alilobadilisha mwezi huo?

Muulizaji

Nawashukuru sana. Mafuta nimeyaondoa nyumbani. Mtoto hakuwa amepewa. Nimeangalia dawa za mama nikakuta metformini na glibenklamidi, na amekiri kwamba alfajiri mbili alitetemeka akadhani ni baridi. Vilevile, alipoanza majani aliacha vinywaji vitamu na kuanza kutembea kila jioni.

Jibu la tatu

Basi asimamishe majani leo na asiguse dozi ya vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe. Kutetemeka huko huenda kulikuwa kushuka kwa sukari, na kuacha vinywaji vitamu pamoja na kutembea kunaweza kuwa ndiko kulikoishusha, majani yawepo au yasiwepo. Aende kliniki kesho, amwambie daktari yote bila kuficha majani, ili glibenklamidi iangaliwe upya na apimwe figo pamoja na wastani wa sukari wa miezi mitatu. Akitetemeka tena kabla ya hapo, apime. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au kama hana kipimo, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari na arudie kupima baada ya dakika 15. Akizimia asinyweshwe kitu, mkimbizeni hospitali.