Naombeni ushauri: nihamie kijiji cha watu 180 huku Saskatchewan, Kanada, au nibaki mjini Regina?

Binti_Singida:
Habari zenu wakuu. Mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo.

Tumekaa Vancouver miaka mitatu, kodi ikatushinda, Aprili tukahamia Regina, mji mkuu wa mkoa huu wa Saskatchewan. Nahudumia wazee, ila mkataba wangu ni wa kuitwaitwa, leo zamu mbili, wiki ijayo kimya. Sasa nimepata kazi ya kudumu kwenye nyumba ya wazee kijijini, kusini magharibi mwa mkoa, mwendo wa saa tatu kwa gari. Nyumba ya vyumba vitatu kule kodi yake ni nusu ya ninayolipa hapa.

Jumamosi tulienda kupaona. Kuna ghala refu la nafaka kando ya reli, posta, kanisa, ukumbi, uwanja wa barafu, na duka la ushirika ambalo mkate, misumari na dawa ya kikohozi viko rafu moja. Basi. Kinachobaki ni mabua ya ngano na dengu mpaka macho yachoke. Nimezaliwa Singida, upepo na uwazi havinitishi. Ila tulipoingia posta, mama wa kaunta akaniuliza: "Wewe ndiye mhudumu mpya?" Sijasaini hata karatasi! Mume wangu alicheka mpaka tunafika kwenye gari, halafu akanyamaza njia nzima. Yeye hana leseni, kazi yake iko hapa mjini, na anasema kule atakuwa mfungwa. Watoto (9 na 5) watapanda basi la shule dakika 40.

Ningekuwa peke yangu ningeshahama. Mliokaa huko, nifanyeje?

Mzee_wa_Changarawe:
Dada, nina mwaka wa sita kijijini, karibu na mji wa Swift Current, huko huko kusini magharibi. Kwanza sahau habari ya kupanda basi. Mabasi ya serikali ya mkoa yalifungwa 2017, na kampuni ya mabasi ya Greyhound wakaacha njia za magharibi 2018. Bila leseni shemeji atakuwa mfungwa kweli, hajakosea.

Pili, bado hujaiona baridi ya huku. Gari lako linatakiwa liwe na waya wa hita ya injini unaochungulia mbele kama ulimi. Usiku unauchomeka kwenye umeme, injini isigande. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau, ilikuwa hasi 34. Asubuhi nawasha, likakohoa kama mbuzi, likazima. Jirani yangu mkulima, ambaye hata salamu tulikuwa hatujapeana, akatokea na nyaya za betri kabla sijampigia mtu simu. Alichungulia dirishani akaona moshi hautoki. Kwa hiyo huyo mama wa posta usimchukie haraka.

Kwenye buti weka chepe, blanketi, mshumaa, kiberiti. Theluji ikikukwamisha usishuke kwenda kutafuta msaada kwa miguu, kaa garini. Fukua bomba la moshi kwanza, ndiyo uwashe injini, tena kwa vipindi.

Mama_Wawili:
Mimi nilirudi mjini baada ya miezi 14 na sijutii. Baridi nilizoea. Kilichonishinda ni Jumapili mchana. Hakuna wa kugonga mlango bila taarifa, hakuna wa kumpa shikamoo, mwanangu akaanza kunijibu Kiingereza tu. Ukikosa chakula kimoja cha kanisani, wiki nzima unaulizwa kama unaumwa. Wanakujali, sikatai, ila kuna siku unataka usijaliwe.

Na kabla hujasaini, ulizia idara ya dharura ya karibu iko mji gani na inafunguliwa siku zipi. Za vijijini wauguzi wakipungua hufungwa. Una mtoto wa miaka mitano.

Kipara_Ngoto:
Ugali je? 😂

Mzee_wa_Changarawe:
Unga tunachukua Saskatoon mara moja kwa mwezi, magunia. Mbuzi nanunua kwa mkulima, nachinja mwenyewe, friza imejaa. Wewe wa mjini ndiye wa kuhurumiwa.

Fundi_Bukavu:
Mimi niko Manitoba, mkoa jirani, na niliingia kijijini kama shemeji, nikimfuata mke. Asikae ndani. Kila asubuhi wazee wanakunywa kahawa mahali pamoja, aende akae nao. Wiki ya kwanza watazungumza mvua, ya pili mvua, ya tatu watamuuliza kama anaweza trekta. Kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi wanavuna, watu hawatoshi. Nilianza kwa kufagia maghala ya chuma, leo naendesha lori la nafaka. Lakini leseni kwanza.

Binti_Singida:
Asanteni sana. Mama Wawili, umenigusa hapo kwa mtoto. Nimeulizia: dharura ni dakika 35, na usiku hawafungui. Sijaipenda kabisa. Nimewaomba kazini nianze Machi badala ya Januari, wamekubali. Mume nilimsomea ya Fundi, akasema trekta hataki. Ila jana nimemkuta jikoni na kitabu cha alama za barabarani, kakiweka chini ya gazeti.

Mzee, huo waya kwenye gari langu sijauona. Lilitoka Vancouver. Niangalie wapi?

Mzee_wa_Changarawe:
Fungua boneti, angalia karibu na betri, wakati mwingine umefungwa humo ndani. Kama haupo, fundi atakuwekea hapo hapo Regina. Usingoje Machi, peleka wiki hii.