Saa ya bei mbaya imepata tatizo dogo: uende kwa wakala, kituo cha kampuni au fundi wa nje?

Mnyalu_Posta
Wakuu habari za leo. Nina saa ya Omega Seamaster, ile iliyoandikwa kuhimili maji mpaka mita 300, toleo la miaka ya 2000, nilinunua mkononi kwa mtu na waranti yake ilishakwisha zamani. Saa inatembea vizuri kabisa, shida iko kwenye mkanda, pini ya pingili iliyo karibu na kishikizo inachomoza nje, nikiirudisha kwa kucha haikawii inatoka tena, na naogopa siku mkanda utafunguka nimeshikilia bomba kwenye daladala saa iende chini. La pili, kile kifundo cha kutilia ufunguo kimekuwa kizito kukaza, kinazunguka zunguka kabla hakijashika.

Nilipokuwa safarini nikapita duka moja kubwa la saa, jina naliacha. Dada wa mapokezi hata hakuigeuza saa nyuma, akasema lazima iende sevisi kamili, bei nitatumiwa kwa email, itachukua muda gani hajui. Nikamuuliza hata kwa pini ya mkanda? Akasema ndo utaratibu. Nikachukua saa yangu nikaondoka.

Sasa nalinganisha. Nimtafute wakala mwingine, nitume kwenye kituo cha kampuni yenyewe Dubai ambako nina ndugu, au nimpe fundi wa hapa hapa Dar? Naongelea huduma zaidi kuliko bei, yaani nani anakusikiliza ukienda na kitu kidogo.

Jirani_Luthuli
Pole sana boss. Hiyo ya sevisi kamili nimeisikia pia huku Nairobi na wakati mwingine iko na sababu. Wakishafungua saa wanabeba dhamana ya saa nzima, maji yakiingia kesho ni wao utawaendea, so hawataki kugusa kitu kimoja waache ingine. Omega wakifanya sevisi kamili wanakupa waranti ya miaka 2 juu ya hiyo kazi, Rolex pia ni 2, kwa hivyo lazima wabadilishe raba zote za kuzuia maji na kuipima presha waone haiingizi maji ndio waweze kuweka jina lao hapo.

Lakini pini ya mkanda haifungui saa! Hapo huyo dada hana maelezo. Mkanda unatolewa, saa inakaa kando imefungwa vile ilikuwa.

Muscat_Mswahili
Assalam alaykum wote. Kaka Mnyalu, kabla hujachagua, fahamu kwanza nani hasa anashika bisibisi. Watu wengi wakiona nembo juu ya mlango wanadhani wameingia kwa kampuni, kumbe ni wakala. Huku Muscat Rolex iko kwa Khimji Ramdas, Dubai iko kwa Ahmed Seddiqi, hao ni wafanyabiashara wa hapa hapa walioidhinishwa. Wakala mkubwa ana karakana yake na mafundi waliosomeshwa na kampuni, mwengine ana kaunta tu, anapokea saa anaitia kwenye mfuko anaipeleka kwengine. Huyo wa kaunta hawezi kukupa jibu hata akitaka, kwa sababu hajui.

Mimi swali langu la kwanza siku zote ni moja, "fundi yuko humu ndani?" Wakisema yuko, naomba aje aitazame mbele yangu. Duka zuri wanamwita, anatoka na kikuza macho chake, dakika chache unajua mbivu na mbichi. Wakisema hayupo basi najua hapa ni posta tu, na posta naweza kutuma mwenyewe.

Bint_Darajani
Naunga mkono hapo kwa fundi aliye ndani. Nina Longines ya kike ya betri, ilisimama, nikaipeleka butiki moja Dubai nilipokwenda kumtazama dada yangu. Nilitarajia wanione kero maana ni betri tu na pembeni watu wananunua saa za bei ya nyumba.

Wamenikalisha, kijana akaweka saa kwenye kitrei chenye kitambaa, akavaa glavu, akaikagua kila upande huku anaandika. Mkwaruzo upande wa saa tatu, alama ndogo kwenye kishikizo, kioo kizima. Akanigeuzia karatasi nisome nihakikishe ndivyo ilivyo. Kisha akanieleza kwamba betri haibadilishwi peke yake, mfuniko ukifunguliwa raba inabadilishwa na saa inapimwa presha, bei ya vyote ni hii, ukikubali weka sahihi. Na akaniuliza kama nataka ing'arishwe au ibaki na michubuko yake. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha kuliko kahawa waliyonipa, kwa sababu ile michubuko ni ya marehemu mama na hakuna aliyemwambia aulize.

Kwa hiyo Mnyalu usikate tamaa na mawakala wote kwa ajili ya mmoja.

Mzee_wa_Tanga
Mimi nawaonya na mafundi wa nje. Kifundo cha saa yangu kiliwahi kupotea, fundi mmoja akaniwekea kingine "kinafanana", kwa macho huoni tofauti. Nimeogelea nayo Pangani, jioni kioo kimeota ukungu ndani. Kuipeleka kwa wakala wakagoma kuigusa mpaka nikubali kwanza kubadilisha kila kisicho orijino, na bili ikawa ndefu kweli. Saa iliyoandikwa mita 300 ni mita 300 ikiwa raba ni nzima na kifundo ni chake na kimekazwa, kimoja kikikosekana hata maji ya bomba yanaingia.

Hao wakala wana madharau sometimes sikatai, ila kipuri ni chenyewe.

fundisaa_kkoo
Wakuu salama. Mimi ni fundi, nimekaa na saa miaka mingi Kariakoo, naomba niseme ninavyojua.

Mzee wa Tanga pole, ila pia mjue kwa nini fundi anaweka kinachofanana. Swatch Group ndo wenye Omega, Longines na Tissot, na kuanzia 2016 walifunga bomba la vipuri kwa wauzaji wa jumla waliokuwa wanatuuzia sisi wa nje. Rolex nao kipuri chao hakitoki nje ya mtandao wao. Kwa hiyo fundi mkweli atakwambia kifundo orijino sina nenda kwa wakala, na fundi asiye mkweli atakuwekea cha China ananyamaza. Wote wawili wapo, mtu amuulize fundi kipuri kimetoka wapi kabla hajaacha saa.

Sasa mkuu Mnyalu, mkanda wa Seamaster za umri huo una siri yake. Ile pini haishiki pingili yenyewe, inashikwa na kimrija kidogo sana, kama punje ya ufuta, kinachokaa ndani ya pingili ya katikati. Mtu akigonga pini itoke bila kuangalia, kile kimrija kinadondoka mezani, hakioni, anarudisha pini tupu. Itakaa kidogo halafu inaanza kuchomoza, na ndo hicho unachoelezea. Nina uhakika kama si asilimia mia basi karibu, aliyekuuzia alipunguza pingili mahali na kimrija kikabaki huko. Ukigongelea pini kwa nguvu au ukaweka gundi unaharibu tundu, na hapo pingili nzima inanunuliwa.

Dawa ni pini mpya na kimrija chake. Wakala wa Omega anavyo au anaagiza, na ni kazi ya muda mfupi tu. Hata mimi nikipata kimrija chenye kipenyo sahihi naifanya, lakini ukipita kwa wakala ukapata seti ya kwao ni bora zaidi, sikudanganyi ili nipate kazi.

Kifundo ni hadithi nyingine. Kikizunguka kabla ya kushika ni nyuzi za ndani zimeanza kulika, ama za kifundo ama za mrija uliofungwa kwenye bodi. Usikilazimishe. Geuza kwanza kinyume taratibu mpaka usikie kimekaa kwenye nyuzi, ndipo ukaze. Na usiipeleke majini kabisa mpaka itengenezwe. Hii inafungua saa, lazima presha ipimwe, na mafundi wengi wa mezani hatuna mashine hiyo. Hii ipeleke kwa kampuni.

Jirani_Luthuli
@fundisaa_kkoo hapo umenifungua macho, sikuwa najua hiyo mambo ya kimrija. Swali, ile shida ya saa kukimbia ghafla dakika kadhaa kwa siku, ni ya wakala au yako?

fundisaa_kkoo
Ghafla namna hiyo mara nyingi saa imenasa sumaku, ya spika, mfuniko wa tableti, kishikizo cha mkoba. Kuna kifaa cha kuitoa, saa haifunguliwi, ni sekunde tu. Wakala mzuri atakufanyia hapo hapo ukiwa umesimama, na wengine hata hawadai hela. Ukiambiwa sevisi kamili kabla hata hawajaipima sumaku, toka. Matoleo mapya ya Omega yale ya Master Chronometer yanahimili gausi 15,000, yaani kipimo cha nguvu ya sumaku, kwa hiyo huko tatizo hilo halipo, ila za zamani zinanasa.

Bint_Darajani
Na walio na saa mpya wakumbuke waranti kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Rolex zilizouzwa kuanzia Julai 2015 zina miaka 5, Omega kuanzia Novemba 2018 nazo miaka 5. Cartier na IWC unaweza kuongezewa mpaka 8 ukijisajili kwao. Ndani ya muda huo fundi wa nje akifungua mfuniko umejinyima haki yako mwenyewe.

Mnyalu_Posta
Nawashukuru sana wakuu, hasa fundi. Nimeishika saa sasa hivi, nimeitoa ile pini taratibu juu ya kitambaa cheupe, na kweli hakuna kimrija chochote, pingili jirani yake inacho na naiona kabisa ukingo wake unang'aa. Yule dada angeniuliza swali moja tu nisingemlaumu.

Nimeamua hivi, kwa wakala nitauliza pini na kimrija peke yake nisikie wanasemaje, na kwa ajili ya kifundo, saa nitamfikishia ndugu yangu wa Dubai aipeleke kituo cha kampuni. Kuituma kwa kuria au aende nayo mtu?

Muscat_Mswahili
Aende nayo mtu unayemwamini kama yupo. Ikibidi kuria basi itilie bima ya thamani yake yote, na forodha waandikie kabisa kwamba inatoka kwa matengenezo na itarudi, ukiacha hivyo hivyo siku ya kurudi watakuhesabia umeingiza saa kutoka nje na utatozwa ushuru wa kitu ambacho ni chako tayari.

Na kwenye fomu yao ya kupokelea andika kwa mkono wako "usipige polishi" kama hutaki. Sevisi kamili ya Omega inakwenda na kung'arisha bodi na mkanda, hawakuulizi kila mahali, na chuma kikishaondoka hakirudi. Mwambie ndugu yako asisaini kabla ya makadirio kuandikwa, na akatae kazi yoyote ya ziada mpaka wewe mwenyewe umejibu.

Mzee_wa_Tanga
Piga picha namba ya saa na upande wa nyuma, pamoja na kishikizo kikiwa wazi, kabla haijatoka mikononi mwako. Na ukipata jibu la wakala kuhusu hiyo pini rudi utuandikie hapa, kuna wenye mkanda kama wako wengi.