Rektifaya ya mashine ya boti imeungua (Yamaha 40 ya zamani), naweza kufunga ya pikipiki?

mwana_kilindoni
Wakuu salaam. Nina Yamaha 40 Enduro, ile ya silinda mbili ya mafuta ya kuchanganya, ya zamani mpaka rangi ya kava ishatoka yote. Juzi dogo wa chomboni kafunga betri akageuza, waya mwekundu kwenye hasi mweusi kwenye chanya, ikapiga cheche halafu harufu ya plastiki ikajaa. Tumefungua kava tukakuta kidude cheusi kimefungwa kwa bolti ubavuni mwa injini kimevimba na kupasuka, kina nyaya nne, mbili za kijani, moja nyekundu, moja nyeusi. Cha ajabu ukivuta kamba mashine inawaka na boti inakimbia kama kawaida, ila betri haiingii chaji, taa na GPS zinakufa kabla hatujarudi. Hapa Mafia hiyo spea hakuna, Dar wanasema nisubiri iagizwe na bei yake inatisha. Je naweza kufunga ya bodaboda? Na nikiendelea kuvua hivihivi naharibu kitu kingine?

boda_la_bahari
Funga ya pikipiki mkuu, ile ya pini nne, kuna jamaa huku wamefunga na inapiga kazi. Umeme ni umeme.

fundi_koili
Hiyo "umeme ni umeme" ndiyo inayounguza koili za watu.

Mwana Kilindoni, kilichoungua ni rektifaya. Kazi yake ni kuchukua umeme wa AC (unaogeukageuka) unaotoka kwenye koili ya taa chini ya flaiwili (gurudumu la sumaku juu ya injini) na kuugeuza DC (wa upande mmoja) uingie kwenye betri. Moto wa plagi unatoka koili nyingine kabisa, ile inayolisha CDI (kisanduku cha kurushia moto kwenye plagi), ndiyo maana mashine inawaka bila shida. Sasa betri ikigeuzwa, daiodi za ndani (vidude vya kupitisha umeme upande mmoja tu) zinafunguka zote na umeme wa betri unapita moja kwa moja bila kizuizi mpaka kitu kiyeyuke. Hapo fyuzi ndiyo ilitakiwa ikatike kwanza. Fyuzi yako ilikuwa wapi?

Kwa sasa chomoa zile nyaya mbili za kijani kwenye hicho kidude, kila moja izungushie tepu peke yake zisigusane wala zisiguse bodi, kavue. Usiziache zimeunganishwa na rektifaya iliyokufa, maana ikiwa imepiga shoti ndani koili itachemka, na koili ikiungua ni kung'oa flaiwili. Flaiwili inatolewa kwa pula (kifaa cha kuvutia), sio nyundo, ukigonga sumaku zinapasuka.

Kabla hujanunua chochote pima koili. Mita weka omu, pima kijani kwa kijani, isome kidogo sana, chini ya omu moja au hapohapo. Kisha kila kijani na bodi ya injini, hapo isisome kitu kabisa.

mwana_kilindoni
Fyuzi nimekuta wamefunga kipande cha waya, mashine niliinunua hivyo. Koili nimepima, kijani kwa kijani 0.6, kwenye bodi haisomi. Rektifaya nayo nimeiweka kwenye alama ya daiodi, upande mmoja inapiga kelele hata nikigeuza nyaya za mita.

fundi_koili
Basi koili imepona, una bahati. Rektifaya imekufa hiyo, daiodi nzima inapitisha upande mmoja tu.

Habari ya pikipiki: zile za pini nne nyingi zimetengenezwa kwa koili ambayo ncha yake moja imefungwa kwenye bodi. Ya kwako umepima mwenyewe, haigusi bodi, ncha zote mbili zinaelea. Ukiifunga hivyo itachaji nusu au haitachaji kabisa, na huyo aliyefunga ikafanya kazi sijui mashine yake ina koili gani. Nenda duka la spea za redio uliza briji (rektifaya ya daiodi nne ndani ya kidude kimoja) ya KBPC3510, ni ampea 35, volti 1000, bei yake ndogo. Koili za mashine kama hizo ziko kwenye wati 80, yaani kama ampea 6 au 7, kwa hiyo hata KBPC2510 ya ampea 25 inatosha. Miguu yenye alama ya wimbi ndiyo ya kijani zote mbili, yoyote popote. Mguu wa chanya ndio ule uliogeuka tofauti na wenzake, kwenye kona iliyokatwa, huo ni mwekundu. Hasi uko mkabala nao kwa mshazari, mweusi. Ibane kwa bolti kwenye chuma ipoe, tumia tundu lilelile la zamani kama linafika. Kisha fyuzi ya kweli ya ampea 10 kwenye waya wa chanya karibu na betri.

mvuvi_wa_lamu
Naongezea hapo, angalieni na vichwa vya betri. Huku wengi wanakaza nati za masikio kwa mkono, boti ikipiga mawimbi zinalegea. Mashine inazunguka betri imeachia, volti zinapanda kwa sababu hakuna kinachozimeza na rektifaya inakufa, halafu mtu analaumu kuwa spea ni feki. Kaza kwa spana na nati ya kujifunga. Halafu miguu ya hiyo briji paka grisi, chumvi inaila mpaka inageuka kijani.

mwana_kilindoni
Nimefunga KBPC3510 nikailehemu na kuibana palepale. Mashine ikiwa silensa (inazunguka bila gesi) betri inasoma 12.7, nikivuta gesi inafika 14.3. Swali, nikienda mwendo mrefu full haitapitiliza? maana hakuna regyuleta (kidhibiti volti) hapo.

fundi_koili
Itapanda, ndiyo. Betri yenyewe ndiyo inayoishikilia, kwa hiyo betri ndogo ya pikipiki usiweke, weka ya gari. Ukiona imevuka 15 washa taa zote ili zitumie huo umeme, na maji ya betri uyacheki mara kwa mara. Na huyo dogo mpakie chanya rangi nyekundu ya nguvu kwenye betri yenyewe, sio kwenye waya peke yake.

boda_la_bahari
Hiyo 2510 ikipigwa maji ya chumvi moja kwa moja inavumilia au niifunike na silikoni?